KUTUNDIKA BANGO KUBWA JUU YA UKUTA USIONYOOKA
(Hotuba fupi iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, Morogoro)



Mwenyekiti aliponitaka niseme neno juu ya kazi yangu, nilidhani nitazungumzia milango ya chuma, kwa kuwa ndiyo inayonipa ugali. Lakini nimewahesabu humu ndani ndugu si chini ya kumi waliostaafu na kufungua maduka kwa fedha za kiinua mgongo. Yupo wa dawa za mifugo, wapo wa vifaa vya ujenzi, na yupo mmoja wa vitabu, Mungu amsaidie. Kila mmoja anataka bango. Basi nitasema habari za mabango, maana katika mji wetu huu kuta zilizonyooka ni chache.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo mji umejengwa kipande kwa kipande, kila mtu na uwezo wake. Utakuta ukuta wa mawe, wa pili ni wa matofali ya kuchoma, wa tatu ni wa matofali mabichi, na zote zimevikwa lipu na kupakwa rangi moja. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Zamani jambo hili halikuwa taabu. Enzi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba, mchoraji alikuja na ngazi, makopo mawili ya rangi na uzi wa kupigia mstari, akaandika jina la duka ukutani papo hapo. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya ushirika yalipochukua nafasi ya maduka ya watu binafsi, kubadili jina ilikuwa ni kazi ya brashi tu. Herufi hupita juu ya nundu na shimo bila kulalamika, wala ukuta haubebeshwi mzigo wowote. Mpaka leo naamini kuwa mwenye duka dogo hahitaji zaidi ya hapo. Nikisema hivyo wateja hunitazama kama mtu anayefukuza kazi. Wanataka bamba la alumini lenye taa.

Haya, tuchukue bango la mita 5 kwa mita 1.2, ambalo pamoja na fremu yake ya chuma lina uzito wa kilo 90. Watu wote huogopa uzito. Lakini uzito huvuta kwenda chini, na bolti nzuri hubeba hayo kwa urahisi. Ikiwa bango limesimama sentimita 15 kutoka ukutani, na bolti za juu na za chini zimeachana mita moja, uzito ule huzivuta bolti za juu zitoke ukutani kwa nguvu ya kilo 14 hivi tu. Adui ni upepo. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukilipiga bango hilo hulisukuma, au ukipita nyuma hulivuta, kwa nguvu ya karibu kilo 290. Na nguvu hiyo haiendi sawa na mwendo: upepo ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ninyi mlioona mawingu yakishuka kutoka Uluguru siku ya dhoruba, mabati yakipiga kelele mji mzima, hamhitaji nieleze zaidi.

Sasa ukuta usionyooka unaingiaje hapa? Nitatoa mfano. Ndugu yetu mmoja, nisiyemtaja, alitundikiwa bango la kiasi hicho karibu na soko. Fundi aliyemfanyia kazi aliiweka fremu ukutani, ikagusa katikati tu, pale penye nundu. Pembeni kulikuwa na pengo. Akakaza nati mpaka pembe zote zikagusa ukuta. Bango likapinda kama upinde, herufi zikaonekana zimekunja uso, na lipu ikaanza kupasuka kuzunguka bolti za pembeni. Angalieni: fremu ile ya chuma ilikuwa ikitaka kunyooka, kwa hiyo ilikuwa ikizing'oa bolti zake yenyewe usiku na mchana, kabla upepo haujaja. Na chini ya bango hilo kila alfajiri hukaa akina mama wanaouza maandazi na chai, na watoto wao mgongoni. Nilipoitwa nilisema literemshwe jioni ile ile. Mwenye duka hakufurahi, kwani alikuwa amekwisha lipa. Liliteremshwa.

Tulianza upya, na safari hii tulianza na ukuta. Tulivuta uzi kutoka pembe hadi pembe, tukateremsha timazi kila nusu mita, tukapima pengo na kuandika tarakimu ukutani kwa chaki. Palipotokeza zaidi palikuwa sentimita 2, palipobonyea zaidi sentimita 9. Tofauti ya sentimita 7! Kisha tukatoboa matundu ya majaribio, tukatazama unga unaotoka. Unga mwekundu mkavu ni tofali la kuchoma, na hapo bolti ya kutanuka hushika, mradi itobolewe kwenye mwili wa tofali wala si kwenye kiungo. Kwenye mawe keekee huteleza. Usishindane nalo, sogeza tundu. Upande mmoja ulitoa unga wa kahawia, laini kama unga wa muhogo. Huo ni udongo mbichi. Hapo kile kidude cha plastiki kinachotangulia skrubu ni bure kabisa. Tulipitisha bolti ndefu mpaka ndani ya duka, na kule ndani tukaweka bamba la chuma la sentimita 15 kila upande ndipo tukafunga nati. Mwenye nyumba aliombwa ruhusa kwanza.

Baada ya hapo ndipo tukachomelea miguu ya fremu, kila mguu kwa urefu wa tarakimu yake ya chaki, ili bango lisimame sawa na timazi na kila bolti ikaze mguu uliokwisha gusa ukuta. Matundu ya bamba tuliyafanya marefu kidogo, kwa sababu alumini ya mita 5 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka milimita 3 na nusu.

Liko jambo dogo la macho. Paa la duka lile limelala upande. Pimamaji ilisema bango liko sawa, wapita njia wakasema limepinda. Tulilishusha futi moja chini ya ukingo wa bati, maneno yakaisha.

Masika ya kwanza yakipita, pandeni mkaze nati, na mkiona mchirizi wa kutu chini ya bolti, ibadilisheni. Ngazi yangu ya futi 16 ipo Mji Mpya. Anayetaka kuiazima aje, ila airudishe siku hiyo hiyo.