Bangi ya Ndani na Mzigo wa Umeme

Colorado, Marekani, iliruhusu maduka kuuza bangi mwaka 2014, na nyingi hulimwa ndani ya maghala. Taa huwaka saa 18 kwa siku mche unapokua, kisha saa 12 ukichanua. Viyoyozi navyo havipumziki.

Kwa nini jambo hili limhusu mwananchi? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, mwaka 2021, ulikadiria kuwa kilo moja ya maua makavu ya ndani huzalisha zaidi ya kilo 2,000 za gesijoto.

Kwa upande mmoja, ndani mkulima hupima mbolea kwa mililita na kuvuna mwaka mzima. Kwa upande wa pili, nje jua ni la bure. Ili kupunguza umeme unaotumika ndani, jimbo la Massachusetts tayari limeweka ukomo wa wati za taa.

Swali ni hili: gharama ya umeme na gesijoto hizo aibebe mkulima, mnunuzi au jamii nzima?