Makengeza Hayahukumiwi kwa Siku Moja

Yuko mtoto ambaye akitoka ndani kwenda uani wakati jua limekuwa kali, hufumba jicho moja. Si yote mawili, ni moja tu. Nyumbani huambiwa anaringa. Mtazame jioni akiwa amechoka, au anapotupa macho mbali bila kuwaza lolote, utaona jicho moja limejiendea upande wa sikio. Ukimwita jina, linarudi. Hayo ni makengeza ya nje, ya aina inayokuja na kuondoka, na kwa watoto ndiyo aina inayoonekana zaidi miongoni mwa makengeza ya nje.

Leo nazungumzia upasuaji wake. Wazazi wengi wakifika kwa daktari huuliza, "Je, litanyooka?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, nao hutoka wameridhika. Swali zito zaidi hawaliulizi: je, litabaki limenyooka, na je, macho mawili yatatazama kwa pamoja?

Kwanza tuondoe hofu moja. Jicho halitolewi nje likarekebishwe kisha lirudishwe. Sijui uvumi huu ulianzia wapi, lakini umewafukuza watu wengi hospitalini. Kila jicho lina misuli sita inayolizungusha. Miwili kati yake, wa upande wa sikio na wa upande wa pua, inavutana kama vijana kwenye mchezo wa kuvuta kamba. Daktari humlaza mtoto kwa nusu kaputi, hufungua ule utando mwembamba ulioufunika weupe wa jicho, kisha huulegeza msuli wa nje kwa kuushona nyuma kidogo ya mahali ulipokuwa, au huukaza wa ndani kwa kuufupisha.

Hiyo ni kazi ya milimita. Katika jedwali linalotumiwa na madaktari wengi, ambalo hupima kupinda kwa jicho kwa prizimu, makengeza ya prizimu 25 hutaka msuli wa nje wa kila jicho urudishwe nyuma milimita 6. Yakiwa 40, milimita 8. Kipimo kikikosewa, hata mkono stadi utashona sawasawa mahali pasipo sawa.

Na kupima ndiko kwenye mtego. Mtoto mwenye makengeza haya hulizuia jicho lake bila kujua. Akiwa mbele ya daktari, yu macho kabisa, anatazama kitu kilicho karibu, jicho limetulia kana kwamba halina neno. Ndiyo maana mpimaji mzuri hulifunika jicho moja kwa muda wa kutosha ili ule mkazo uachie, humwelekeza mtoto atazame mbali, hata nje ya dirisha, na hupima tena siku nyingine. Kama mtoto anahitaji miwani, huivaa kwanza. Asiyeona mbali vizuri, akipata miwani yake, huenda akaweza kulishika jicho lake kuliko zamani, na hesabu ya upasuaji ikabadilika. Mzazi anayelalamika kwamba anazungushwa kliniki huku operesheni haifanyiki, pengine anatendewa haki kuliko anavyodhani.

Kisha kuna jicho lililokwenda nje kwa sababu halioni. Mtoto wa jicho aliyeachwa miaka mingi, jeraha la fimbo mchezoni, kovu kwenye kioo cha jicho: ubongo ukikosa picha safi kutoka upande huo, huutelekeza. Jicho kama hilo linaweza kunyooshwa, lakini halina kinachoendelea kulishika, na baada ya miaka linaweza kutoka tena. Sisemi lisipasuliwe. Sikubaliani kabisa na wanaouita upasuaji huu urembo. Kumtazama mwenzako usoni kwenye usaili wa kazi bila yeye kugeuka nyuma kutafuta unayemtazama si urembo. Ninachosema ni kwamba mgonjwa aambiwe mapema.

Na nikiwa hapo: mtoto mwenye makengeza ambaye mboni yake inang'aa nyeupe apelekwe kwa daktari wa macho leo, maana inaweza kuwa saratani. Mtu mzima ambaye jicho limekwenda nje ghafla na kope likaanguka naye akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mtoto wetu, ameshapasuliwa. Siku ya pili mama anamwona, jicho jekundu, tena limeingia ndani kidogo! Mtoto anasema anaona vitu viwili viwili. Mama anadhani daktari ameharibu. Kumbe madaktari wengi hupitisha kidogo kwa makusudi, kwa kuwa wiki na miezi inayofuata jicho huelekea kurudi nje. Lakini likikaa ndani muda mrefu kwa mtoto mdogo, linaweza kugeuka jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo umeacha kulitumia, na hilo halitibiwi kwa kungoja nyumbani. Aonekane, apimwe, pengine azibwe lile jicho jingine lililo zima kwa saa kadhaa kila siku.

Kundi la watafiti wa macho ya watoto lenye makao Marekani lilitoa matokeo mwaka 2019. Watoto 197 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walilegezwa msuli wa nje wa macho yote mawili, wengine wakafanyiwa jicho moja, msuli mmoja kulegezwa na mwingine kukazwa. Baada ya miaka 3, wasiofikia matokeo ya kuridhisha walikadiriwa kuwa asilimia 46 kwa njia ya kwanza na 37 kwa ya pili, tofauti ambayo haikutosha kusema njia moja imeishinda nyingine. Mizani yao ilikuwa kali, nakubali. Hata hivyo, hao ni watoto walioandaliwa vizuri na kufuatiliwa kwa miaka.

Kwa hiyo siwezi kuusifu utaratibu wa kambi ya macho, wa kupasua kwa siku chache na kuondoka, ukihamishiwa kwenye makengeza. Babu mwenye mtoto wa jicho akifunguliwa bandeji kesho yake akamwona mjukuu, furaha ile ni ya haki. Makengeza hayapigiwi makofi kesho yake. Timu inayopasua Ijumaa na kuondoka Jumapili, bila kuacha mtu wa kupima wiki ya sita, mwezi wa sita na mwaka wa pili, haijui kama imefaulu, na haina haki ya kutangaza idadi.

Wazazi, kabla ya kutia saini, ulizeni atakayemwona mtoto baada ya operesheni ni nani na wapi. Nauli ya marejeo itengeni pamoja na fedha za upasuaji, na miwani asiivue kwa sababu tu jicho limenyooka.