Ardhi hii haikuwa tupu



Ukitoka Nairobi, kabla hujaingia Nakuru mjini, unapita Hyrax Hill. Wengi wetu tunapita tu. Leo tusimame hapo kidogo.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa ili walowezi wapate mashamba. Halafu walowezi wakazoea kusema ardhi ilikuwa tupu.

Sasa tuuulize udongo. Mary Leakey alianza kuchimba Hyrax Hill mwaka 1937. Alikuta makaburi ya kale, na mashimo makubwa ya duara ambayo alidhani yalikuwa nyumba. Baadaye John Sutton alichimba tena akaonyesha kwamba yale yalikuwa mazizi: ng'ombe ndani, mlango mmoja, nyumba ya mwenyewe imejengwa ubavuni. Kazi ya Wasirikwa hiyo, karne nyingi kabla ya reli. Na juu ya mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa. Ardhi tupu haichezi bao!

Nenda Njoro, kwenye pango la mtoni. Huko wafugaji walizika wafu wao miaka kama 3,000 iliyopita, pamoja na mabakuli ya mawe na shanga.

Lakini msikilize vizuri hapa. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wengine wamezikwa huku kwetu Nakuru. Walikuta nini? Mchanganyiko. Wafugaji waliotoka kaskazini walioana na wawindaji waliowakuta hapa.

Kwa hivyo mawe hayampi mtu yeyote hati ya shamba. Yanamkanusha mlowezi aliyesema hapakuwa na watu, na yanamkanusha pia mwanasiasa anayekwambia jirani yako ni mgeni, arudi kwao. Nakuru tuliona Januari 2008 maneno hayo yanatufikisha wapi. Watu walizikwa, nyumba zikachomwa.

Uchaguzi ukikaribia, ujumbe kama huo utaingia kwenye simu yako. Usiusambaze. Mjibu aliyeutuma, tena kwa adabu: mwambie twende Hyrax Hill pamoja, tuone mazizi yale, halafu anionyeshe mgeni ni nani.