Stakabadhi Kutoka Jalalani

Mazungumzo ya redio. Somo: Mathayo 6:1-18 na Wafilipi 4:10-20



Asubuhi hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo Wakristo wengi huliona kuwa ni la wasomi tu, yaani elimu ya lugha za kale na maandishi ya kale. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Bwana Kasisi, Biblia tunayo kwa Kiswahili. Tunayo kwa Kikamba, kwa Kijaluo na kwa Kikikuyu. Kwa nini basi vijana wetu wapoteze miaka chuoni wakifundishwa Kiebrania cha manabii na Kiyunani cha mitume, lugha zisizosikika sokoni tena?" Ni swali zuri, wala hakuliuliza kwa ubishi. Tena alipotaja soko, alikaribia jibu kuliko alivyodhani.

Chukueni mfano mmoja kwanza. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 13, twasoma habari za siku zile ambazo Israeli hawakuwa na mhunzi katika nchi yao yote. Wafilisti waliwazuilia kazi hiyo makusudi, wasije wakajifanyia panga na mikuki. Hivyo mkulima aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake hakuwa na budi kushuka kwa adui yake. Kisha katika mstari wa 21 limo neno la Kiebrania lenye herufi tatu, pim, ambalo halionekani mahali pengine po pote katika Biblia. Neno likipatikana mara moja tu, utalilinganisha na nini? Wale waliofasiri Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 walikuwa watu wenye elimu kubwa na wenye kumcha Mungu, lakini hapo hawakuwa na njia ila kukisia. Wakaandika kwamba Waisraeli walikuwa na tupa.

Karne ya 20 ilipoanza, wachimbaji wa mambo ya kale katika nchi ya Palestina wakawa wakiokota vijiwe vidogo vyenye kitako bapa, vimechorwa herufi hizo hizo tatu kwa mwandiko wa Kiebrania wa zamani sana. Vilikuwa mawe ya mizani. Siku za Samweli hapakuwa na sarafu. Fedha ilipimwa kwa mizani, kama mwenye duka anavyotupimia sukari. Vijiwe hivyo vilipopimwa vikaonekana kuwa ni kiasi cha gramu 7.6 kila kimoja, yaani karibu thuluthi mbili za shekeli. Kumbe pim haikuwa tupa! Ilikuwa ni bei. Mwandishi alikuwa akitueleza mkulima yule alitozwa kiasi gani. Biblia ya Kiingereza iliyosahihishwa, iliyotolewa mwaka 1952, ikaliandika neno lenyewe, pim.

Mtu atasema, tupa au bei, wokovu ni ule ule. Ni kweli. Walakini mimi nimekaa na wakulima, na ninajua uchungu wa mtu ambaye amelima kwa jasho lake kisha bei inapangwa na mwingine asiyemtakia mema. Neno la Mungu liliona hata kile kiasi alichotozwa, likakiandika. Kwa karne nyingi hatukuweza kukisoma, mpaka jiwe la mchuuzi lilipofukuliwa.

Hayo ni ya Kiebrania. Habari ya Kiyunani cha Agano Jipya ni ndefu zaidi, na ndiyo hasa niliyokusudia leo.

Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walitatizwa na lugha ya Agano Jipya. Walikuwa wamelelewa kwa vitabu vya wanafalsafa na washairi wa Athene, na walipofungua Injili wakakuta lugha isiyofanana na ile. Baadhi yao wakaidharau, wakasema ni Kiyunani kibovu cha watu wasio na shule. Wengine, kwa heshima, wakasema kwamba ni lugha ya pekee ambayo Roho Mtakatifu aliitengeneza kwa ajili ya Maandiko. Makundi yote mawili yalikosea, na kilichowasahihisha ni takataka.

Huko Misri, kiasi cha kilomita 160 kusini ya Cairo, palikuwa na mji wa kale ulioitwa Oxyrhynchus. Watu wake walitupa taka zao nje ya mji kwa mamia ya miaka, na kwa kuwa mvua ya huko ni haba mno, karatasi zao hazikuoza. Nasema karatasi, lakini kwa kweli yalikuwa ni mafunjo, yale yale yaotayo kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Walipasua mashina yake, wakazipanga nyuzi zake kwa kukingamana, wakazigonga na kuzikausha. Katika majira ya baridi ya 1896 kuingia 1897, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, wakaanza kuyachimba majalala hayo. Waliendelea kurudi huko mpaka 1907, wakajaza masanduku kwa masanduku. Kitabu cha kwanza cha maandishi hayo kilitoka 1898. Leo vitabu hivyo vimepita themanini, na kazi haijaisha.

Katika mwaka ule wa kwanza ulionekana ukurasa wa Mathayo, sura ya kwanza, ulioandikwa katika karne ya tatu. Kila Mkristo angefurahia ukurasa huo. Lakini sehemu kubwa ya taka ile ilikuwa mambo ya kila siku: mikataba ya kukodisha mashamba, hesabu za nafaka, malalamiko kwa wakubwa, mialiko ya karamu, risiti za kodi. Mtoto mmoja, jina lake Theon, anamgombeza baba yake kwa kumwacha nyumbani na kwenda Alexandria peke yake, na anamtishia kwamba asipoletewa anachotaka, hatakula wala hatakunywa. Ninyi mlio na watoto mnamjua Theon!

Kuyasoma maandishi hayo si kazi rahisi. Wino umefifia, kipande kimeliwa na mchwa, na tena waandishi wa wakati ule hawakuacha nafasi kati ya neno na neno. Jaribuni kwa Kiswahili. Andikeni kwa herufi kubwa ALIKATAMTI. Je, ni mtu aliyekata mti, au ni Ali anayeamriwa aukate? Msomaji hana budi kutazama yaliyotangulia na yanayofuata. Kijana wa chuo anayekesha juu ya kurasa kama hizo anajifunza uvumilivu, nao utamfaa siku atakapoketi na mume na mke waliogombana.

Hata kabla ya vijana wale wa Oxford, maandishi ya namna hii yalikuwa yamekwisha kufika Berlin, na Mjerumani mmoja, Adolf Deissmann, mwalimu wa theolojia, akayasoma akiwa na Agano Jipya kando yake. Katika vitabu vyake, kimoja cha 1895 na kingine cha 1908, alionyesha ya kwamba lugha ya Agano Jipya si ya pekee, wala si mbovu. Ni Kiyunani cha watu wa kawaida, cha nyumbani na cha sokoni. Ni kana kwamba kwetu kuna Kiswahili cha washairi wa Lamu na Mombasa, ambacho nakiheshimu sana, na kuna kile ambacho mwenye duka wa Machakos anakiandika katika risiti. Mitume waliandika kwa hiki cha pili. Baada ya Deissmann, Mwingereza mmoja wa kanisa la Methodisti, James Hope Moulton, akashirikiana na George Milligan wa Scotland kutengeneza kamusi ya maneno ya Agano Jipya kwa kuyalinganisha na barua na risiti hizo. Moulton hakuuona mwisho wake. Mwaka 1917, akitoka India, meli yake ilizamishwa katika vita, naye akafa katika mashua baharini. Milligan aliimaliza kazi hiyo mwaka 1929.

Sasa nafika kwenye neno moja tu. Niseme kwanza kwamba sipendi desturi ya mhubiri kurusha maneno ya Kiyunani mimbarani ili watu washangae. Si kila neno lina siri ndani yake, na mara nyingi Biblia yako ya Kiswahili imekwambia sawasawa. Lakini hili linafaa lisikiwe.

Katika stakabadhi zile, nyingine za mafunjo na nyingine zilizoandikwa juu ya vigae vya vyungu vilivyovunjika, maana kigae kilikuwa cha bure, linaonekana mara nyingi neno apekho. Mwenye kulipwa deni au kodi ndiye aliyeliandika. Maana yake: nimepokea, yote imenifikia, sina dai tena. Aliyelipa akaenda zake na kigae chake, na hesabu ikafungwa.

Fungueni sasa Mathayo 6. Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayepiga baragumu anapotoa sadaka, na juu ya yule anayesimama kwenye pembe za njia ili aonekane akisali, na juu ya yule anayeukunja uso ili watu wajue kwamba amefunga. Katika mstari wa 2, wa 5 na wa 16, mara tatu, limetumiwa neno lile lile la risiti. Bwana hasemi kwamba watu hao watakosa thawabu. Anasema wamekwisha kuipokea, tena kamili. Walitaka watu wawaone, watu wamewaona, hesabu imefungwa.

Ndugu zangu, sisi watu wa Kenya tunazijua harambee. Mimi sizipingi hata kidogo. Yako makanisa niliyoyahudumia ambayo yasingalikuwa na mabati juu yake bila harambee. Lakini siku moja, katika parokia ambayo sitaitaja, msoma orodha aliruka jina la mtu mmoja aliyetoa fedha nyingi. Yule bwana akasimama, akatembea mpaka mbele, akangoja. Jina lake likasomwa, na kiasi chake kikatajwa mara mbili. Watu wakapiga makofi, naye akarudi kuketi ameridhika. Mabati yake bado yanatukinga na mvua, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila tangu siku ile nisomapo mstari wa 2 nayasikia makofi yale, nami najiuliza kama yule ndugu alijua kwamba alikuwa akiandikiwa stakabadhi.

Wala msidhani ni matajiri tu. Mstari wa 5 unahusu sala, na mimi niko hapa mbele ya kipaza sauti, nikisali ili nisikiwe wilaya kwa wilaya. Mwenye kazi ya namna hii na auogope mstari huo kuliko mwingine wote. Kuna na mama anayewahudumia wagonjwa kijiji kizima, halafu kila Jumapili anatuhesabia amewaendea wangapi.

Lakini neno hili lipo mahali pengine. Paulo yu kifungoni. Wakristo wa Filipi wamemtuma Epafrodito amletee msaada, na katika kazi hiyo Epafrodito ameugua hata karibu kufa. Paulo anapowashukuru, Wafilipi 4:18, analitumia neno la sokoni: apekho. Nimepokea yote. Anawaandikia risiti, naye hafichi kwamba alikuwa na haja. Lakini tazameni alivyoiandika. Katika mstari wa 17 amewaambia kwamba hakukitamani kile kipawa chenyewe, ila anatamani matunda yazidi kuongezeka katika hesabu yao, na hilo nalo ni neno la wafanya biashara. Kisha anasema kwamba kipawa hicho ni sadaka yenye harufu njema, na Mungu ameipendezwa. Wale wa baragumu, hesabu yao ilifungwa palepale barabarani. Hawa wa Filipi wamepewa risiti na mfungwa aliyeshiba, na hesabu yao kwa Mungu bado iko wazi.

Jioni ya leo, taa ikiwashwa, someni sura hizo mbili pamoja na watoto wenu. Na mkiisoma ile ya Wafilipi, angalieni sura ya 2, kuanzia mstari wa 25, mtaona ni nani aliyekuwa akirudishwa Filipi wakati Paulo alipoandika. Ni Epafrodito, yule yule aliyekuwa karibu kufa kwa kuileta sadaka ile.

Bwana awe nanyi.