Miguu Ikivimba, Iangalie Asubuhi



Wakulima na wachumaji wa chai, wengi wenu husimama shambani tangu alfajiri hadi majani yapimwe. Damu iliyoshuka miguuni hurudishwa juu na misuli ya mashavu ya miguu unapotembea. Ukisimama sana mahali pamoja, maji hubaki chini, na jioni gambuti zinakataa kuvuka.

Uvimbe huo huwa wa miguu yote miwili na hupungua usiku. Ukifika nyumbani, lala na uinue miguu juu ya mito kwa dakika 15 hadi 20. Shambani, inua visigino mara kwa mara. Punguza chumvi.

Lakini ukiamka bado imevimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, nenda zahanati ukapimwe presha na mkojo. Huenda moyo, figo au ini lina shida.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, usiukande wala usingoje asubuhi. Huenda damu imeganda mshipani, na inaweza kusafiri hadi mapafuni. Nenda hospitali iliyo karibu: Kapkatet, Kericho au Longisa. Mama mjamzito anayevimba uso na mikono, au kuumwa sana na kichwa, naye aende siku hiyo hiyo.

Baadhi ya dawa za presha huvimbisha miguu. Usiziache kabla ya kumwuliza daktari.

Majani ya chai yatachipuka tena. Usiahirishe matibabu kwa sababu yake.