Mwezi Uliotoa Ushahidi

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya shahidi asiyeapishwa, wala asiyejua kumpendelea mtu. Naye ni hali ya anga.

Usiku wa tarehe 29 Agosti 1857, katika jimbo la Illinois, Marekani, palitokea ugomvi, na mtu mmoja akapigwa hata akafa siku chache baadaye. Kijana aitwaye William Armstrong akashtakiwa kwa mauaji. Kesi ilisikizwa Mei 1858 katika mji wa Beardstown. Shahidi mmoja alisema ya kuwa, yapata saa tano za usiku, naye yu mbali kadiri ya futi 150, alimwona Armstrong akipiga, kwa kuwa mwezi uling'aa juu. Wakili wa kijana alikuwa Abraham Lincoln, aliyepata kuwa Rais mwaka 1861. Alimwacha shahidi akariri neno lake, kisha akatoa kitabu cha takwimu ya mwaka ule, kionyeshacho kuchomoza na kutua kwa mwezi. Kumbe, saa ile mwezi ulikuwa chini sana, ukielekea kutua! Wazee 12 wa baraza wakamwachilia kijana.

Lakini tuangalie jambo moja. Mwendo wa mwezi huhesabiwa mbele, mvua sivyo. Mvua ya jana isipopimwa na kuandikwa asubuhi ya leo, kiasi chake kimepotea. Basi dereva akisema barabara ilikuwa imelowa, au mwenye nyumba akidai kwamba ukuta wake uliangushwa na mvua kubwa, hakimu aweza kutaka daftari ya kipimo cha mvua. Hata hiyo hutazamwa kwa uangalifu, maana mvua yaweza kunyesha upande huu wa kilima, na upande wa pili pakawa vumbi tupu. Kipimo kikiwa mbali, maandishi yake hupimwa pamoja na maneno ya walioona.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi mliokabidhiwa kipimo cha mvua shuleni, siku mliyosahau msiijaze kwa kubahatisha. Iacheni wazi. Aandikaye hajui ni nani atakayesimama kizimbani kesho akiitegemea tarakimu ile. Na tarakimu moja ya uwongo yaweza kumfunga asiye na kosa.