Jina la Ua la Usambara



Katika misitu ya milima ya Usambara, kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu, huota ua dogo la rangi ya zambarau. Mwaka 1893 Mjerumani Hermann Wendland alilipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea wakathibitisha kwamba ukoo huo wote ni tawi la ukoo mwingine. Leo ua hilo ni Streptocarpus ionanthus.

Tuseme kijana pale Lushoto ametakiwa kutengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za maua hayo. Kila ua lina kadi yake ndani ya kompyuta, na kadi ina sifa: ukoo, aina, msitu, kijiji, mwinuko, rangi. Kadi inaporekebishwa, yeye ameandika agizo kwa kila sifa: ukiletwa msitu mpya, badilisha msitu, kikiletwa kijiji kipya, badilisha kijiji. Sifa kumi na mbili, maagizo kumi na mawili, kila moja limenakiliwa kutoka la juu yake. Kwenye la tisa akasahau kubadili neno moja, na mwinuko ukaandikwa mahali pa kijiji. Kompyuta haikulalamika. Baadhi ya mimea hii imebaki sehemu chache mno, na mlinzi wa msitu ataitafuta bondeni ilhali iko juu.

Dawa yake ni fupi. Aandike orodha ya sifa zinazoruhusiwa kubadilishwa, kisha agizo moja tu: pitia orodha, na kila sifa iliyoletwa upya iweke kwenye kadi. Lugha ya JavaScript, tangu mwaka huohuo wa 2015, ina agizo la tayari liitwalo Object.assign, linalonakili sifa zote kwa mkupuo. Lakini hilo halichagui. Hata namba ya kadi, isiyopaswa kuguswa, litaibadilisha ikiletwa. Mimi naipenda orodha.

Jina la ukoo nalo liandikwe mahali pamoja, kadi zote zilisome hapo. Hata hivyo, ionantha imegeuka ionanthus, kwa kuwa Kilatini nacho kina upatanisho, kama sisi tusemavyo mtu mzuri lakini kitu kizuri. Hapo lazima mtu akae, apitie aina moja moja kwa macho yake. Na aongeze sifa ya jina la zamani, maana vitabu vilivyochapishwa kabla ya 2015 bado vinasema Saintpaulia.